Pumzi ya Lori na Kopo la Durban

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, jua likiwa halijaupanda mlima wa Van Reenen na umande ukiwa umeganda juu ya majani mithili ya chumvi, nilisimama katika kituo cha malori karibu na Harrismith nikimtazama dereva mmoja, mtu wa Tanga kwa asili na wa Durban kwa makazi, akiinamisha kabini ya lori lake, kisha akikinga chupa ya plastiki chini ya kopo jeusi lililofungwa kwa bolti mbili ubavuni mwa injini. Alipofungua koki hayakutoka mafuta kama nilivyotazamia. Kilitoka kitu kizito cha rangi ya chai ya maziwa, kikinuka dizeli na moshi wa jana, kikajaza robo ya chupa. Utingo wake, kijana aliyekuwa akijipulizia vidole kwa baridi, akauliza: "Mzee, kama kopo hili lina faida, mbona walioiunda injini hawakuliweka?" Dereva akacheka, akanielekezea kidevu. "Muulize huyu mwandishi, mwanangu. Mimi kazi yangu kumwaga."

Swali la kijana lina historia ndefu kuliko njia ya kutoka Durban hadi Johannesburg, ambayo ni kilomita 570 hivi. Hakuna injini, hata ikiwa imetoka kiwandani jana, ambayo ringi zake huziba silinda kwa ukamilifu. Kila dizeli inapolipuka juu ya pistoni, sehemu ndogo ya moshi na hewa ya moto hupenya pembezoni, ikashuka hadi chumba cha krenki, ikachanganyika na ukungu wa oili unaorushwa na vyuma vinavyozunguka. Pumzi hiyo, ambayo oili yake ndiyo inayokingwa na kopo la dereva, ni lazima itoke. Ikizuiliwa hujenga shinikizo, na shinikizo hutafuta mahali dhaifu, aghalabu sili ya krenki, ndipo mwenye lori aonapo oili ikichuruzika kila kiungo na kudhani kwamba gasketi zote zimekufa kwa siku moja. Mafundi wetu wana neno lao kwa injini iliyochakaa ringi: husema inahema, na kuipima hawahitaji chombo, bali hufungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma, wakatazama moshi unavyopuliza.

Wahandisi wa zamani waliitolea pumzi hiyo pua iliyo sahili kabisa, nayo ni bomba lililopinda kuelekea chini, likaachwa wazi juu ya barabara, upepo wa mwendo ukawa ndio unaovuta. Kilichodondoka kilidondoka. Katika barabara kuu za dunia palikuwa na ukanda mweusi katikati ya kila njia, na ukanda huo kwa sehemu yake kubwa ulikuwa ni mate ya mabomba hayo. Hapana aliyeona taksiri katika jambo hilo mpaka watu wa Los Angeles walipoanza kulia kwa ukungu unaowachoma macho, na wataalamu wakabaini kwamba sehemu isiyo ndogo ya uchafu wa gari la petroli haikutoka katika ekzosi, bali katika pua hiyo ya chini. Magari mapya ya California ya mwaka 1961 yakafungwa vali ya kuirudisha pumzi ndani ya injini ili iungue tena, na kufikia mwaka 1963 desturi hiyo ikaenea Marekani nzima.

Ama malori ya dizeli yalisamehewa kwa muda mrefu, na udhuru uliotolewa haukuwa wa uongo: pumzi yenye oili ikirudishwa katika turbo huchafua mapanga yake na rejeta ya kupozea hewa. Hivyo lori liliendelea kutema barabarani ilhali gari dogo lilikwisha kutiwa adabu. Huko Marekani msamaha huo ulikoma kwa injini mpya za mwaka 2007, na tangu hapo waundaji wakalazimika kuitia pumzi hiyo katika hesabu ya moshi wote unaotoka.

Durban iliingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa ni mji uliochelewa kupewa malori. Reli ya kwanza ya umma katika Afrika Kusini ilifunguliwa hapa tarehe 26 Juni 1860, safari fupi tu kutoka Point, bandarini, hadi mjini, na mwaka 1895 njia ya reli ikafika Johannesburg kwenye dhahabu. Hapo mikokoteni ya ng'ombe iliyokuwa ikipanda milima kwa majuma ikapoteza riziki yake. Serikali, ikiwa ndiyo mwenye reli, haikupenda kunyang'anywa abiria wala shehena. Ikatunga sheria mwaka 1930 iliyomtaka mwenye gari la kuchukua mizigo kwa ujira awe na kibali, na kibali hicho kilikuwa adimu kwa mizigo ambayo reli iliweza kuibeba. Kwa miaka karibu sitini mlima wa Van Reenen ulikuwa wa garimoshi zaidi kuliko wa lori. Mwaka 1988 sheria ikageuzwa, vizuizi vikaondolewa, na wakati kontena zikizidi kushushwa bandarini, barabara ya N3, ile ya Durban hadi Johannesburg, ikajaa malori hata mtu aliyezaliwa leo hawezi kuamini kwamba ilipata kuwa vinginevyo.

Njia hiyo ni mtihani wa injini. Lori huondoka gatini, usawa wa bahari, katika joto lenye unyevu, likiwa na shehena kamili. Hupanda vilima vya Pinetown, likakabili Town Hill karibu na Pietermaritzburg, kisha likafika Van Reenen, mita 1,680 hivi juu ya bahari, ambako theluji huweza kuifunga barabara kama ilivyoifunga mwezi wa Septemba 2024. Mlimani turbo husukuma kwa nguvu zote na pumzi huwa nyingi. Kisha baridi ya uwanda wa juu huugandisha mvuke, maji yakakutana na oili, na hiyo ndiyo asili ya ile chai ya maziwa. Madereva wageni wakiiona hupatwa na hofu kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua na maji ya rejeta yanavuja. Lakini kopo hilohilo likifunguliwa Durban mwezi wa Januari hutoa oili nyeusi kidogo tu, bila tone la maziwa.

Mji wenyewe una sababu nyingine ya kusikia habari za moshi. Mwaka 1954 ulijengwa Wentworth mtambo wa kusafishia mafuta, wa kwanza nchini, na mwaka 1963 wa pili ukafunguliwa kusini yake. Watu wa Wentworth, Merebank na Bluff waliupumua moshi huo kwa miaka mingi wakilalamika, na leo yote miwili haisafishi tena: wa kwanza ulisimama baada ya mlipuko wa Desemba 2020, wa pili mwaka 2022. Huko Bluff, mahali paitwapo King's Rest, walikaa wale ambao Durban huwaita Wazanzibari, wengi wao Wamakua, waliookolewa katika majahazi ya watumwa na kushushwa hapa na manowari za Kiingereza kuanzia mwaka 1873 baada ya kupita Unguja. Serikali ya ubaguzi iliwahamisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawapeleka Chatsworth. Najua kwamba habari yao si ya makopo ya oili. Lakini mtu aandikaye Kiswahili hawezi kupita chini ya kilima kile bila kuwataja.

Turudi kwenye kopo. Asili yake si lori wala Durban, bali ni viwanja vya mashindano ya magari, ambako oili inayomwagika njiani humuua mtu anayekuja nyuma. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, zililitaka gari la mashindano lenye pumzi ya wazi liwe na chombo cha kuikingia, lita 2 kwa injini isiyozidi lita 2, na lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi. Huko kopo lilikuwa la kuilinda barabara. Lilipohamia kwenye dizeli za kawaida makusudio yake yaligeuka kabisa, likawa la kuilinda injini na uchafu wake yenyewe. Kwani magari ya siku hizi hurudisha pia sehemu ya moshi wa ekzosi ndani, na masizi yale yakikutana na ukungu wa oili katika njia ya hewa hufanya utando mweusi, mnene kama lami, unaoziba kidogo kidogo. Wenye pikapu ndio walioanza kulipenda, na Durban ni mji wa pikapu: mfanyabiashara Albert Wessels alipewa kibali cha kuagiza Toyota kumi mwaka 1961, mwaka uliofuata zikaanza kuunganishwa hapa, na leo Hilux hutoka Prospecton, katika kiwanda kile kilichozama kwa mafuriko ya Aprili 2022. Kutoka kwenye pikapu fikira hiyo ikapanda juu ya malori.

Sasa nimjibu kijana. Kiwanda hakikusahau. Injini nyingi za malori ya kisasa zina kitenganishi chake ndani, kingine chenye sahani zinazozunguka kwa kasi, ambacho huikamata oili na kuirudisha sampo bila mtu kugusa koki. Kopo la nje hutaka mtu wa kulimwaga, na kiwanda, kwa tajiriba yake, hakimwamini mtu huyo. Lililojaa likasahauliwa huipeleka oili yote kwenye turbo kwa mkupuo mmoja, na dizeli iliyopata oili ya kuchoma huweza kukimbia yenyewe hata ukizima ufunguo. Chujio lililoziba, au mpira uliojikunja, au maji yaliyoganda ndani yake usiku wa Harrismith, hulirudisha shinikizo kwenye sili. Na katika maduka yako makopo ya bei rahisi ambayo ndani ni matupu, hayana wavu wala sahani, mvuke huingia mlango mmoja ukatoka mwingine kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kwa hiyo lori jipya lenye dhamana na kitenganishi chake nisingelifunga kopo. La zamani ambalo pumzi yake hurudi kwenye turbo bila kuchujwa ningelifunga, lakini kopo zuri, lenye mpira mpana, na kwa dereva wa namna ya yule wa Tanga, ambaye ameandika kwa chokaa ndani ya mlango tarehe na kiasi cha kila alichomwaga. Hesabu hiyo ndiyo ninayoiona kuwa na thamani kuliko oili iliyokingwa. Kopo haliponyi ringi. Robo chupa ikiwa nusu chupa kwa safari ileile na shehena ileile, mwenye lori amekwisha kupata barua, na asipoisoma shauri yake.

Nilimweleza utingo haya kwa ufupi, kwa sababu baridi haikuruhusu zaidi. Akasikiliza, kisha akaibeba ile chupa kuelekea ukingo wa lami, mahali palipokwisha kuwa peusi kwa miaka ya malori. "We!" dereva akamwita. "Usimwage hapo. Tia kwenye dumu." Dumu lilikuwa nyuma ya kabini, limefungwa kwa mpira wa tyubu, limefika nusu. Kijana akamimina, akakaza kifuniko, akaipangusa mikono kwenye suruali, nao wakaishusha kabini na kuondoka kuelekea bandari kavu ya City Deep, Johannesburg.