Hopsi, komoni na swali la mama mdogo

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Songea na chupa mbili za bia kwenye begi. Hazikuwa za dukani. Rafiki yangu niliyesoma naye shahada ya uzamili anatengeneza bia nyumbani kwake Dar, ya mtindo wa Ubelgiji, ila anatia hopsi za Marekani ambazo ndugu yake humletea. Nikamwonjesha mama mdogo. Yeye anapika komoni pale Mfaranyaki tangu mimi nasoma shule ya msingi, na ada yangu ilitoka kwenye ndoo zake.

Akaonja, akakunja uso. "Chungu kama dawa. Inakaa siku ngapi?"

"Miezi, mama mdogo. Hata mwaka."

Akacheka. "Basi mwanangu, hiyo si biashara ya mtu kama mimi."

Nilidhani anatania. Niliporudi kwenye vitabu, nikakuta historia ya Ulaya inamuunga mkono.

Tuanze na sayansi kidogo. Komoni ni unga wa mahindi uliopikwa, ukapoa, ukatiwa kimea cha ulezi. Kimea ni ulezi ulioloweshwa ukaota, kisha ukakaushwa na kusagwa. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, halafu chachu inakula sukari hiyo na kutoa kilevi na gesi. Lakini chachu haiko peke yake. Wamo pia bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Hao ndio wanaoipa komoni ule uchachu wake, na haohao wakiachwa wanaendelea mpaka hainyweki tena. Ndiyo maana mama mdogo anahesabu siku. Mvua ikinyesha jioni na wateja wasije, hasara ni yake.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa. Yakichemshwa pamoja na bia, asidi zake hubadilika na kuleta uchungu, na asidi hizo hizo hudhuru utando wa seli za bakteria wale. Chachu yenyewe haisumbuki sana. Kwa hiyo ule uchungu alioulalamikia mama mdogo ndio kihifadhi chenyewe.

Sasa twende Uingereza, miaka ya 1300. Watu walikunywa eli, pombe ya nafaka isiyo na hopsi, na wapishi wengi walikuwa wanawake. Mama alipika nyumbani, familia ikanywa, ziada akauzia majirani. Iliharibika baada ya siku chache, kwa hiyo hakukuwa na faida ya kupika nyingi sana wala kuipeleka mbali.

Kuelekea mwaka 1400 ikaanza kuingia bia yenye hopsi kutoka ng'ambo ya bahari, eneo la Flanders na jirani zake, ambalo kwa sehemu kubwa leo ndiyo Ubelgiji na Uholanzi. Bia hii ilikaa, na ilisafiri. Tena ilibana matumizi: mwaka 1574 Reynold Scot aliandika kitabu cha kilimo cha hopsi, akidai kwamba kimea kilekile kinatoa bia mara mbili ya eli. Hesabu hiyo si mchezo.

Ilipofika 1600 kazi ilikuwa imehamia kwa wanaume. Mwanahistoria Judith Bennett ameifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha 1996. Hopsi hazikufanya hivyo peke yake. Bia inayokaa ilihitaji masufuria makubwa, mapipa, mkopo na mikataba, na mwanamke aliyeolewa hakuwa na urahisi wa kukopa au kuweka mkataba kwa jina lake. Mlango ulifunguka, wakaingia wenye mtaji.

Na huku kwetu? Bia ya viwandani ilikuja na hopsi za kuagiza: Kenya Breweries ilianza mwaka 1922, Tanganyika Breweries ikafuata Dar es Salaam mwaka 1933. Kupanda hopsi zetu si rahisi, maana mmea huu hutaka siku ndefu za kiangazi ili utoe maua vizuri. Cascade, hopsi maarufu ya Marekani iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, ilizalishwa Oregon, ambako jua la Juni hukaa zaidi ya saa 15. Songea, hata Desemba, mchana haufiki saa 13.

Kwa hiyo komoni imebaki bila hopsi, soko lake likabaki la karibu, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu mojawapo ya biashara hii kubaki mikononi mwa akina mama. Udhaifu wake umekuwa pia uzio wake.

Nina sababu ya kuyaandika haya. Kwenye droo yangu kuna pendekezo la utafiti: namna ya kuifanya komoni ikae siku 30. Lina kurasa za bakteria, asidi na joto. Halina hata mstari mmoja kuhusu nani atamiliki mtambo na nani atapewa mkopo. Sijalitupa, maana ndoo inayomwagwa inauma kweli. Ila nimeongeza sura moja, na nitaanza kwa kuwahoji wapishi wenyewe.

Ile chupa ya pili mama mdogo aliiweka kabatini. Juzi nilimpigia simu, akasema bado ipo.