Ushanga wa Njia ya Tabora

Katika karne ya 19, msafiri aliyetoka Bagamoyo kuelekea Tabora na nchi ya Unyamwezi alichukua mali yake katika mizigo ya vitambaa vya merikani, ushanga na nyaya za masango, kwa kuwa sarafu ya riale ya Maria Theresa, yenye itibari kubwa Unguja, ilikuwa nadra kupokelewa bara. Wala ushanga haukuwa wa namna moja: msafiri Stanley, alipojitayarisha Unguja mwaka 1871, aliarifiwa kwamba mwekundu hupendwa Unyamwezi, mweusi hupita Ugogo tu, na ule wa Ujiji hukataliwa kwingi, basi aliyekosea kuchagua aliwachukuza wapagazi mzigo usio na thamani.

Na huko Ujiji, msafiri Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliwakuta watu wenye mikoba ya ushanga uitwao sofi, ambao soko lilipoanza waliwabadilishia wanunuzi, na lilipokwisha wakaupokea tena kwa wauzaji, wakipata faida mara mbili. Faida hiyo, kwa rai yangu, ndiyo ada itozwayo leo na benki za ugenini. Ama dawa ya kukosea kuchagua ushanga ilikuwa kuwauliza kwanza wafanyabiashara wazoefu, kisha kununua Unguja ushanga wa huko uendako.