Hadikoo ya Mahadhi

Oktoba 2024, Touché Amoré, kundi la watu watano kutoka Los Angeles, lilitoa albamu yake ya sita, Spiral in a Straight Line. Aina ya muziki wanaoupiga ina jina lenye vipande viwili. Cha kwanza tumeshakizoea: hadikoo. Cha pili kinaeleza kuwa ndani ya ugumu huo mna sauti tamu inayopanda na kushuka, na hicho ndicho kinachotaka uangalifu, kwa sababu kikifasiriwa ovyo msomaji atafikiria muziki mwingine kabisa.

Tuanze na hadikoo. Mkenya aliyewahi kujenga atakumbuka mawe yanayoshindiliwa chini ya sakafu, wala hatapotea sana, maana ugumu ndio unaokusudiwa. Katika muziki, hadikoo ni mtoto wa panki. Panki yenyewe wengi wetu tunaijua kama mtindo wa kunyoa, lakini ni muziki wa magitaa uliovuma New York na London katika miaka ya 1970. Bad Brains wa Washington na Black Flag wa California waliuchukua wakauongezea kasi na hasira, D.O.A. wa Vancouver wakaiita albamu yao ya 1981 Hardcore '81, na jina likashika. Wimbo ulimalizika kwa dakika moja au mbili, na mwimbaji alifoka mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1986 kundi la Dag Nasty, pia la Washington, likatoa Can I Say. Mpiga gitaa wake, Brian Baker, alitoka Minor Threat, mojawapo ya makundi makali kuliko yote ya hadikoo. Kasi aliiacha vilevile, ila gitaa lake sasa lilikuwa na kitu ambacho msikilizaji angeweza kwenda nacho nyumbani akikivumisha puani. Hicho kitu tukiiteje?

Studio za Bongo Fleva zina jibu: melodi. Kila kijana analielewa neno hili, na katika mazungumzo sina ugomvi na anayesema hadikoo ya melodi. Liko pia lahani, neno zuri lakini lisilosikika sana mbali na pwani. Mimi nashika mahadhi, na sababu yangu si mapenzi ya maneno ya kale. Tunasema shairi limetiwa mahadhi. Shairi lilelile laweza kupewa mahadhi mengine na mtunzi mwingine, na katika taarabu mwimbaji akinyamaza baada ya ubeti, fidla huyaendeleza yaleyale. Maana yake ni kwamba katika Kiswahili mahadhi hayafungwi na maneno wala na kinywa. Chombo chaweza kuyabeba peke yake, na sifa hiyo ndiyo tunayoihitaji hapa.

Kwa maana msikilize Jeremy Bolm, mwimbaji wa Touché Amoré. Anafoka. Sauti yake inapasuka pembeni, maneno yanamtoka kama mtu anayehofia kukatizwa. Ukiyatafuta mahadhi kinywani mwake katika albamu za mwanzo hutayapata; yako kwenye magitaa ya Nick Steinhardt na Clayton Stevens. Aliyezoea muziki wa dansi atatarajia mmoja apige solo na mwenzake ashike ridhimu. Hawa mara nyingi hupiga solo wote wawili, kila mmoja na njia yake, nyuzi za juu zikilia huku besi ikizuia kila kitu kisisambae. Kwa hiyo kuuita muziki huu hadikoo ya kuimba ni kumdanganya msomaji. Na tukisema muziki wa kufoka, Mtanzania wa miaka ya 1990 atasikia rapu, ambayo ndiyo iliyoitwa muziki wa kufokafoka.

Istilahi ya hadikoo ya mahadhi inatusaidia pia kuona kundi hili limekua kwa njia gani. Parting the Sea Between Brightness and Me, albamu ya 2011, ina nyimbo 13 zinazoisha kwa kama dakika 20. Karibu mahadhi yote ni ya magitaa. Halafu mama yake Bolm akafariki kwa saratani Oktoba 2014, mwanawe akiwa kwenye tamasha Florida. Albamu ya 2016 ikaitwa Stage Four, jina lenye maana mbili: ni albamu ya nne, na ni hatua ya nne ya ugonjwa ule. Humo, katika wimbo wa Benediction, Bolm anashusha sauti na kuimba kwa besi nzito. Katika Skyscraper anaimba na mwanamuziki Julien Baker, na wimbo unamalizika kwa ujumbe wa simu wa mama yake. Naiona kuwa ndiyo kazi yao kubwa. Mahadhi yalihamia kinywani kwa sababu kulikuwa na jambo lisiloweza kusemwa kwa kufoka.

Lament ya 2020 ilitengenezwa na Ross Robinson, mtayarishaji aliyejenga jina kwa makundi ya Korn na Slipknot, na wimbo wake wa mwisho unaanza kwa piano. Wengi wangetabiri kuwa albamu ya sita itakuwa laini zaidi. Robinson alirudi, lakini ulaini haukuja. Spiral in a Straight Line ina nyimbo 11 na inakwenda kwa nusu saa hivi. Nyimbo kama Nobody's na Disasters zina haraka ya ujana wa kundi hili. Kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi. Bolm anafoka tena kwa wingi, lakini sasa anajua mahali pa kuliachia gitaa nafasi, na anajua wakati wa kumpisha mtu mwingine. Katika Subversion anampisha Lou Barlow wa kundi la Sebadoh, mmoja wa watu waliofundisha magitaa ya Marekani kuwa na kelele na huzuni kwa pamoja.

Goodbye for Now, unaofunga albamu, ndio mfano ningempa mtu anayetaka kuielewa hadikoo ya mahadhi bila maelezo. Julien Baker amerudi. Yeye anaimba, Bolm anafoka, na magitaa yamebeba mahadhi ya tatu ambayo hakuna kati yao anayeyagusa. Msikilizaji akisema wimbo huu ni mgumu yuko sahihi, na akisema ni mtamu yuko sahihi vilevile.