Watoto Walipoulizwa Wenyewe

Intaneti ilipoingia majumbani Ulaya na Marekani katika miaka ya 1990, watu wazima walishtuka kabla hawajawauliza watoto chochote. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia maudhui machafu yasiwafikie walio chini ya miaka 18. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilivitengua vifungu vyake vikuu, kwa kuwa vilibana uhuru wa kusema wa watu wazima. Uingereza nako, mwaka huohuo wa 1996, ikaundwa Internet Watch Foundation ili kupokea taarifa za picha za watoto wanaodhalilishwa kingono. Programu za kuchuja tovuti nazo zikapata wanunuzi. Hatua hizo zilihitajika, na baadhi zingali zinahitajika. Hata hivyo zilihusu kufunga milango, na mtoto ambaye baya lilikwisha kumfika hazikumwambia lolote.

Mwaka 2006 watafiti wa nchi mbalimbali za Ulaya waliungana katika mtandao wa EU Kids Online, wakiongozwa na Sonia Livingstone wa London School of Economics. Kazi yao kubwa ilifanyika mwaka 2010: watoto zaidi ya 25,000 wa miaka 9 hadi 16, katika nchi 25, walihojiwa nyumbani kwao, kila mmoja pamoja na mzazi wake mmoja. Maswali nyeti mtoto aliyajibu peke yake, bila kuyasema kwa sauti mbele ya mzazi wala mhojaji. Hakuulizwa kama amewahi kuwa hatarini, maana hilo ni neno la watu wazima. Aliulizwa kama kuna kitu mtandaoni kilichomkosesha raha, kilichomuudhi, au alichohisi hakupaswa kukiona.

Asilimia 12 walisema kipo. Wengi zaidi walikuwa wamekutana na mambo ya hatari bila kuumia, na tofauti hiyo ndiyo iliyobadilisha mjadala: kukutana na hatari ni jambo moja, kudhurika ni jingine. Watoto wakubwa walikutana na mengi lakini waliyahimili vizuri zaidi. Wadogo walikutana na machache, yakawauma zaidi. Mtoto aliyekuwa tayari na msongo au upweke nje ya mtandao ndiye aliyeelekea kuumia, na huyo ndiye aliyeelekea pia kunyamaza akisubiri mambo yapite yenyewe.

Njia za kukabiliana zilionekana wazi zaidi kwa walioonewa mtandaoni. Takriban robo tatu walimwambia mtu. Aliyeambiwa zaidi alikuwa rafiki, kisha mzazi. Mwalimu aliambiwa na wachache mno. Karibu nusu walimzuia mwonevu asiweze kuwafikia tena, na wengi walifuta ujumbe wake. Takriban robo walitumaini tu kwamba tatizo lingeondoka. Kwa jumla, walioonewa hawakuwa watoto wasiojiweza. Walikuwa na mbinu, na mara nyingi walizitumia bila mzazi kujua kuna tatizo. Wazazi wengi kwa kweli hawakujua: zaidi ya nusu ya wazazi wa watoto walioonewa walisema mtoto wao hajawahi kuonewa.

Uchunguzi mpya wa Ulaya, uliofanywa kati ya 2017 na 2019, ulikuta picha ileile: rafiki na mzazi mbele, mwalimu na mtaalamu nyuma kabisa.

Afrika Mashariki maswali ya namna hii yalifika kwa upana kupitia Disrupting Harm, mradi wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliochunguza ukatili wa kingono dhidi ya watoto mtandaoni. Ripoti ya Kenya ilitoka mwaka 2021 na ya Tanzania mwaka 2022. Madhara yaliyochunguzwa hapa yalikuwa mazito kuliko uonevu wa kawaida, na mara nyingi mtendaji alikuwa mtu ambaye mtoto anamfahamu. Kenya na Tanzania zote zina namba 116, inayopigwa bila malipo kwa ajili ya watoto, lakini waliodhurika walioipiga au kwenda polisi walikuwa wachache sana. Waliosema walimwambia zaidi rafiki au ndugu. Walionyamaza walitaja kutojua pa kwenda, aibu, na hofu kwamba wao ndio wangelaumiwa.