Nauli Kwanza, Kadi Baadaye

Mgeni anayetua London au Hong Kong hukutana na kadi ya usafiri mapema kabisa, mara nyingi akiwa bado uwanja wa ndege. Anaweka salio, anagusisha kwenye mashine, anapita. Kwa urahisi huo, haishangazi kwamba wakuu wa miji yetu wakirudi kutoka safari hizo huja na wazo moja: tukileta kadi, vurugu za nauli zitakwisha. Historia ya kadi hizi inaonyesha mambo yalikwenda kinyume na hivyo. Miji iliyofanikiwa ilipanga nauli kwanza, ikaitangaza, wakazi wakaizoea, kadi ikafuata. Anachofurahia mgeni hasa ni kujua atakatwa kiasi gani kabla hajapanda, na hilo halikuletwa na plastiki.

London ndiyo shahidi mzuri zaidi. Kadi ya Oyster ilianza kutumika mwaka 2003, lakini msingi wake uliwekwa zaidi ya miaka 20 kabla, tena kwa ugomvi mkubwa. Oktoba 1981 halmashauri kuu ya jiji, ikiongozwa na Ken Livingstone, ilishusha nauli kwa karibu theluthi moja na kuanza kuzitoza kwa kanda. Kabla mwaka haujaisha, majaji wa ngazi ya juu kabisa wa Uingereza walilitangaza punguzo hilo kuwa kinyume cha sheria, na Machi 1982 nauli zikapanda takriban maradufu. Wazo la kanda, hata hivyo, halikuzikwa pamoja na punguzo. Mwaka 1983 ikatoka Travelcard, tiketi moja iliyotumika kwenye basi na kwenye treni za chini ya ardhi. Kwa hiyo Oyster ilipofika, mkazi wa London alikuwa ameshazoea kwamba nauli hutoka kwenye ramani ya kanda, wala si kinywani mwa mtu. Mashine ilipewa kazi ya kuhesabu tu.

Wala tusidhani kadi hiyo ilibuniwa kwa mapenzi ya wageni. Mwaka 2006, safari moja ya treni katikati ya London iligharimu pauni 1.50 kwa mwenye Oyster na pauni 3 kwa mlipaji wa fedha taslimu. Mwaka uliofuata mwenye taslimu alitozwa pauni 4. Aliyeumia zaidi ni yule asiyejua, na asiyejua kwa kawaida ni mgeni. Tena kuna mtego mdogo ambao wenyeji wameusahau: kwenye basi unagusisha kadi unapopanda tu, lakini kwenye treni lazima uguse tena unapotoka, la sivyo mashine hukukata nauli ya juu kabisa. Hong Kong nako, kadi ya Pweza, yaani Octopus, ilipoanza Septemba 1997 ilidai amana ya dola 50 za huko, na ikasambaa haraka kwa sababu abiria wa reli walikuwa wametumia tiketi za sumaku zenye salio tangu miaka ya 1980. Hata hivyo, mgeni aliyekatwa zaidi London aliweza kusoma bei ukutani, akalalamika akiwa na hoja.

Sasa tuje Nairobi. Mwaka 2013 Google, ikishirikiana na benki ya Equity, ilileta BebaPay, kadi ya kulipia matatu. Serikali ikaunga mkono malipo yasiyo ya taslimu, mamlaka ya usafiri ikaweka tarehe ya mwisho Julai 2014, kisha ikaisogeza mbele. Machi 2015 BebaPay ilifungwa. Haiwezekani kudai kwamba abiria waliogopa fedha zisizoshikika, maana M-Pesa ilikuwa imetumika tangu 2007 na hata muuza sukuma wiki aliipokea. Kilichokosekana ni nauli. Ya saa nne asubuhi si ya saa kumi na moja jioni, na matone ya kwanza ya mvua yakianguka, makanga aliyesimama mlangoni, noti zimekunjwa katikati ya vidole, hutangaza bei mpya bila kumuuliza mtu. Mashine ingekata kiasi gani hapo?

Wengi watapinga: kadi iliuawa na watu wenye maslahi, yaani makanga, madereva na askari wa barabarani wanaotaka kitu kidogo. Ni kweli waliipinga. Lakini maslahi hayo yanaishi wapi? Mwenye gari hupelekewa hesabu ya siku waliyokubaliana. Kinachobaki baada ya mafuta na hongo ndicho mshahara wa waliomo garini. Nauli inayopanda na kushuka ndiyo inayowalisha, na kadi inayomwonyesha tajiri kila shilingi ingewaacha njaa bila kuwapa mshahara badala yake. Leo abiria wengi wa matatu hulipa kwa simu, baada ya kuambiwa au kubishania bei. Teknolojia iliyokubali nauli isiyotulia imedumu. Iliyodai nauli moja ilikufa.

Kigali hutajwa kama jibu, kwamba amri ya serikali inatosha. Lakini angalia mpangilio wa miaka. Mwaka 2013 jiji liligawiwa kampuni chache kwa mikataba, nauli ikiwekwa na mamlaka ya udhibiti, RURA; kadi ya Tap&Go ikaja 2015. Wengine husema mjadala umepitwa na wakati, kwa kuwa mabasi ya London yanapokea kadi za benki tangu Desemba 2012 na treni za chini ya ardhi tangu 2014. Hilo linamfaa mgeni ambaye benki yake haimkati kila anapolipa kwa fedha za kigeni. Anayetoka Mombasa, pesa zake zikiwa kwenye simu, bado atanunua Oyster. Na kadi ya benki nayo inafanya kazi pale kwa sababu ileile: bei inajulikana.

Kwa kipimo hiki, Dar es Salaam iko mbele ya Nairobi, ingawa foleni za tiketi za karatasi za mabasi ya mwendokasi ziliwachosha wengi yalipoanza 2016. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hutangaza nauli za daladala kwa urefu wa njia, na abiria anayetozwa zaidi ana mahali pa kushtaki. Nairobi ikitaka kujaribu tena, ianze kwa kuwalipa makanga mshahara na kubandika nauli kila kituo, mvua inyeshe isinyeshe. Zabuni ya mashine inaweza kusubiri.