Sanduku Nyuma ya Kiti: Kombi Ilivyogeuka Nyumba

Neno kombi tumelizoea. Kwa wengi wetu ni gari la watu: la kupeleka wazee kwenye harusi, la kurudisha ndugu kutoka msibani, la kuingiza watalii mbugani. Asili yake ni Kijerumani. Ni kifupisho cha Kombinationskraftwagen, gari la shughuli zaidi ya moja, ambalo viti vyake vya nyuma hung'olewa likabeba mizigo, kisha hurudishwa likabeba abiria. Hilo la kung'oa na kurudisha ndilo lililolifanya gari hili liwe nyumba, na ndilo linalonifanya niamini kwamba historia ya magari ya kulala imesimuliwa kichwa chini. Husimuliwa kama historia ya viwanda. Kwa macho yangu, viwanda vimekuwa vikimfuata nyuma mtu mwenye msumeno uani kwake.

Tuanzie mwaka 1951, katika mji ambao leo ni Rheda-Wiedenbrück, magharibi mwa Ujerumani. Hapo palikuwa na kampuni ya Westfalia, iliyoanza mwaka 1844 kwa kazi ya uhunzi na magari ya farasi, baadaye ikajulikana kwa matrela. Inaelezwa kwamba afisa mmoja wa majeshi ya kigeni yaliyokuwa Ujerumani baada ya vita aliomba kombi yake itengenezewe mahali pa kulala. Mafundi hawakulibomoa gari wala kuliunda upya. Walimtengenezea sanduku.

Sanduku hilo linastahili kutazamwa kwa karibu. Lilikuwa kabati la mbao lililosimama nyuma ya kiti cha dereva, ndani yake mkiwa na mito na matandiko. Mchana mito hiyo ilikuwa kiti, na usiku ililazwa ikawa kitanda cha watu wawili. Penye milango ya ubavuni palikuwa na kabati dogo la jiko na beseni la kunawia, na madirisha yalivikwa mapazia. Bomba halikuwapo, wala friji. Lakini Ujerumani ya mwaka 1951 ilikuwa ndiyo kwanza inainuka kutoka kwenye vifusi, na mwenye gari alikuwa nalo moja tu, tena la kumpatia riziki. Ijumaa jioni sanduku liliingizwa, familia ikaenda ziwani. Jumatatu asubuhi lilitolewa, fundi rangi akapakia ngazi na madebe yake akaenda kazini. Sijui kama kuna kifaa kingine cha utalii kilichomheshimu mtu wa kipato cha kawaida kiasi hicho.

Kombi yenyewe nayo ilizaliwa kwa njia hiyo hiyo ya kuungaunga. Katika kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg, kilichokuwa chini ya usimamizi wa Waingereza baada ya vita, wafanyakazi walikosa vyombo vya kusogezea vipuri. Wakaunda kigari cha bapa kwa vyuma vya gari dogo la kiwanda hicho, dereva akikaa nyuma juu ya injini. Ben Pon, mfanyabiashara Mholanzi aliyeagiza magari, alikiona. Tarehe 23 Aprili 1947 alichora kwenye daftari lake umbo la gari mfano wa mkate wa boflo: dereva mbele kabisa, injini nyuma, mzigo katikati. Ukurasa huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Uzalishaji ulianza Machi 1950, kwa injini ya nguvu farasi 25 na uwezo wa kubeba takribani kilo 750. Kwa kuwa injini ilikuwa nyuma na dereva juu ya magurudumu ya mbele, katikati palibaki chumba kitupu, cha pembe nne, kilichokuwa kinamngojea seremala.

Wazo la kulala ndani ya chombo cha safari ni kongwe kuliko injini. Watu wa jamii ya Roma barani Ulaya waliishi ndani ya magari ya farasi kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ya kazi zao na kwa sababu ya kufukuzwa huku na huku. Mwaka 1885 daktari Mskoti, William Gordon Stables, alipotaka kuzunguka Uingereza kwa raha zake, alijengewa gari la fahari aliloliita Wanderer, akifuata mfano wa magari ya watu hao. Msomaji wa pwani atapenda kujua kwamba Stables, kabla ya hapo, alikuwa daktari wa jeshi la majini katika manowari zilizosaka majahazi ya watumwa pwani ya mashariki ya Afrika. Kule Marekani, kilichowapa watu wa kawaida nafasi ni Ford Model T. Watu walilijengea vibanda vya mbao na turubai kwa nyuma, na mwaka 1919 wasafiri wa namna hiyo walianzisha chama chao, Tin Can Tourists, mjini Tampa, Florida. Utambulisho wao ulikuwa kopo la bati lililolehemewa juu ya kifuniko cha rejeta.

Uingereza nayo ina kisa chake. Kampuni ya Martin Walter ilikuwa Folkestone, mji wa bandari za kuvukia kwenda Ufaransa. Husimuliwa kwamba watu wa kampuni hiyo waliwaona wasafiri wakilala ndani ya magari yao huku wakingoja kivuko. Katika miaka ya 1950 wakalichukua gari la mizigo la Bedford, wakalitia viti vinavyokunjuka kuwa vitanda, baadaye na paa linaloinuka kwa turubai. Waliliita Dormobile, na jina likaenea mpaka Waingereza wakaliita hivyo gari lolote la kulala. Hapa tena, wa kwanza alikuwa msafiri aliyejikunja kwenye kiti. Kiwanda kilikuja kumnyooshea miguu.

Westfalia walilielewa hilo. Baadaye walianza kuuza vifaa vyao kipande kipande kwa jina la Camping-Mosaik, ili mwenye kombi anunue kabati leo, kitanda mwakani, na avifunge mwenyewe.

Miaka ya 1960 na 1970 magari haya yalikwenda mbali. Vijana wa Ulaya waliyaendesha kupitia Istanbul, Tehran na Kabul hadi India na Nepal, mpaka mwaka 1979 mapinduzi ya Iran na majeshi ya Kisovieti nchini Afghanistan yalipoifunga njia hiyo. Wengine walikata Sahara wakafika Nairobi. Huko walizikuta kombi za aina ile ile zimetobolewa paa, watalii wamesimama ndani wakitazama simba.

Serikali zimekuwa na kazi ngumu ya kuamua chombo hiki ni gari au ni nyumba. Nchini Uingereza, ili kikubaliwe kwenye kadi ya usajili kuwa gari la kulala, mamlaka hutazama kama kina kitanda, meza, mahali pa kupikia na makabati, lakini mwaka 2019 ilikaza uzi pia kwa sura ya nje: madirisha, mlango wa chumba, michoro ubavuni, paa lililoinuka. Mtu anaweza kujenga chumba safi kabisa akakataliwa kwa sababu kwa nje gari linafanana bado na la fundi bomba. Naiona sheria hiyo inamwonea yule yule ambaye sanduku la mwaka 1951 lilitengenezwa kwa ajili yake, mtu mwenye gari moja kwa shughuli mbili.

Wapo pia waliohamia humo moja kwa moja. Mwaka 2011 Mmarekani Foster Huntington aliacha kazi New York akahamia ndani ya Volkswagen, na picha zake zikawavutia vijana wengi duniani. Lakini Mmarekani mwenzake, Bob Wells, alikuwa ametangulia. Mwaka 1995 alihamia kwenye gari la mizigo huko Alaska, baada ya ndoa kuvunjika na kodi kumshinda, akajijengea kitanda na rafu kwa mikono yake. Baada ya uchumi kuporomoka mwaka 2008, Wamarekani wengi wenye umri mkubwa walimgeukia kuuliza maswali ya msingi: godoro liwekwe wapi, maji yahifadhiwe vipi, usiku wa baridi upiteje.

Swali la baridi ndilo linalomtenganisha fundi na mkurupukaji. Watu wawili wakilala ndani ya chumba cha bati, pumzi zao hugeuka maji kwenye chuma baridi. Maji hayo hujificha nyuma ya plaiwudi nzuri iliyopakwa vanishi, na kutu huanza pasipoonekana. Mzoefu huanza kwa kukwangua na kupaka rangi ya kuzuia kutu, akaweka sufu au sponji, akatoboa paa kwa ajili ya feni. Mbao za ukutani hazigandishi kwa gundi. Huzifunga kwa skrubu, kisha kila baada ya majira ya baridi hushika bisibisi, akazing'oa, akapangusa bati likakauka, akazirudisha.