Elburgon: Mgeni Alipewa Jembe, Sauti Akanyimwa

Kila mtaa una hii lawama: "Hawa wamekuja juzi tu, na hawataki kufuata kanuni zetu." Utaisikia stejini, utaisikia kwa baraza la chifu. Mimi naona hii lawama inaanza hadithi katikati. Kabla uulize kwa nini mgeni hafuati kanuni, uliza kwanza: nani alizitunga, na nani alikaa naye chini akamweleza?

Elburgon ndio mahali pa kuuliza hayo, kwa sababu huku karibu kila familia ina babu au nyanya aliyekuja kutoka kwingine.

Tuanze na wenyeji. Waogiek waliishi kwenye Msitu wa Mau kabla ya reli na kabla ya mashine za mbao. Mtu akiuona ule msitu kwa mbali angedhani hauna mwenyewe. Wapi! Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake, na mizinga ya asali iliyotundikwa mle ilikuwa na wenyewe. Hakukuwa na kibao cha kukukataza. Ulijua kwa kulelewa pale, ama kwa kuambiwa na aliyelelewa pale.

Halafu reli ikapita. Ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na njia yake ilipanda kutoka Nakuru kupitia Njoro, Elburgon na Molo. Mkoloni akawagawia walowezi mashamba, miti ikaanza kukatwa, na mikono ya kazi ikatakikana. Watu wakaja, wengi wao Wakikuyu. Wengine walisukumwa na uhaba wa ardhi kwao, wengine walivutwa na nafasi ya kulima na kufuga. Hawakubisha hodi kwa Waogiek, kwa sababu aliyewafungulia mlango alikuwa mlowezi, na yeye mwenyewe hakuwa amebisha.

Sasa, kanuni za mlowezi zilikuwa kama mvua ya Molo, hujui itakunyeshea saa ngapi. Sheria ya 1918 ilitaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kukaa na kulima. Watu wakazoea, wakajenga, wakazaa. Ikaja sheria ya 1937, ikayapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kupunguza mifugo na mashamba ya maskwota, na kuongeza siku za kazi mpaka 240 na hata 270. Hebu fikiria: umekaa mahali karibu miaka ishirini, halafu unaambiwa mbuzi wako wamegeuka kosa.

Ndani ya misitu ya serikali kulikuwa na mpango mwingine, na huu lazima niusifu kidogo. Ni ule mfumo wa shamba, ulioanza Kenya mwaka wa 1910. Familia inapewa kipande cha msitu uliokatwa. Inapanda chakula, na katikati ya mimea inapandwa miche ya miti. Ukipalilia viazi vyako, umepalilia na miche ya serikali. Baada ya kama miaka mitatu miti inafunga kivuli, unahamia kipande kingine. Kanuni ya hapo hata mtoto anaielewa, kwa sababu sababu yake inaonekana kwa macho: mti ukikua, kila mmoja amepata chake. Shida ni kwamba mgeni alibaki mgeni. Angeweza kulea miti maisha yake yote na asiwe na hata futi moja ya kuzikiwa. Na serikali ilipoupiga marufuku ule mfumo miaka ya 1980, watu waliokuwa wakiishi msituni waliambiwa watoke.

Lakini somo kubwa liko Olenguruone, kusini mwa Molo, juu kabisa kwenye baridi. Mwaka wa 1941 serikali ya mkoloni ilianza kuwaweka huko Wakikuyu waliokuwa wametolewa sehemu za Wamaasai. Ikawapa mashamba, na pamoja nayo kanuni: lima hivi, usilime vile, shamba lisigawanywe kwa watoto wote. Kuna kanuni ambazo hazikuwa za kijinga. Mlima ukilimwa vibaya, udongo unashuka na maji. Lakini serikali iliwaona hawa watu kama wapangaji wake, na wao walijua wamepewa ile ardhi kama fidia ya ardhi waliyopoteza. Hilo halikuzungumzwa mpaka likaeleweka. Ilikuwa ni "kubali ama utoke."

Wakakataa. Wakubwa wa serikali wakawaita wakaidi. Na hapa ndio nataka usome pole pole: watu hao hao walioitwa wakaidi walikuwa wanafuata kanuni kali kuliko zote. Walikula kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto, kwamba hakuna atakayejitenga na wenzake. Kiapo hicho kilikuwa na makali yake pia, sikipambi. Lakini kilishika, kwa sababu kila aliyeingia aliingizwa na jirani yake, kwa lugha yake, akajua ni cha kulinda nini.

Kwa hivyo shida haikuwa watu wasiopenda kanuni. Walikataa kanuni ambazo hawakuwa na sehemu ndani yake.

Mwisho wake unajulikana. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta kwenye ukame. Kiapo hakikufukuzwa. Kilikuwa kimeshaenea kwa maskwota wa Rift Valley, na mwaka wa 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari kupambana na Mau Mau.

Na wale wenyeji wa kwanza? Waogiek walilazimika kwenda mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, ambayo mwaka wa 2017 iliamua kwamba haki zao zilikiukwa. Miaka zaidi ya mia moja tangu reli ipite, ndio mwenyeji anasikizwa. Kumsaidia mgeni azoee hakumaanishi mwenyeji anyamazishwe. Wote wawili wakikosa sauti, anayebaki akiongea ni mwenye bunduki. Sisi wa huku tulionyeshwa hilo 1992, tukaonyeshwa tena baada ya uchaguzi wa 2007, majirani walipoanza kuitana madoadoa.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekuwa tukisikia jembe tu. Mimi nasikia zaidi: ukimpa mgeni jembe, umemkubali kwenye kazi ya nyumba, kwa hivyo mwonyeshe mpaka uko wapi, mweleze kwa nini uko hapo, na siku ya kuupima upya mwite. Mgeni naye aanze kwa kuuliza, "Hapa nani alinitangulia?"

Mpangaji mpya akiingia kwa ploti yenu wiki hii, kabla hamjamlaumu kuhusu maji na takataka, mtu amgongee mlango amweleze. Na mkikaa kupanga hizo kanuni, naye awe na kiti.